Ngome, Farasi na Askofu

Mwalimu Makrina alifundisha hisabati Ruangwa, na kila Jumamosi mwaka ule wa 2008 alipanda basi la asubuhi kwenda Nachingwea, kwenye chumba cha intaneti chenye kompyuta nne. Walimu wenzake walidhani anawaandikia ndugu zake Bukoba. Kumbe alikuwa anacheza.

Mchezo ulichezwa mtandaoni na watu kumi na mmoja wasiojuana. Kila mmoja alipewa jina la kete ya sataranji, na kwa siri akaambiwa kama ni Mweupe au Mweusi. Weusi walikuwa wawili tu. Kila wiki walimla Mweupe mmoja, na kila Jumamosi wachezaji wote walipiga kura kumtoa wanayemshuku. Makrina alikuwa Ngome, Mweupe.

Sasa walibaki watatu: Ngome, Farasi na Askofu. Mweusi mmoja alishatolewa. Wa pili akipona leo, ameshinda.

Wiki tatu mfululizo Makrina alikuwa amemwandama Askofu, kisa hasemi sana. Farasi alisema mengi, tena ya maana, na Makrina alizoea kukubaliana naye. Lakini leo, ndani ya basi, alifungua daftari alimoandika kura zote na saa zake. Kila Mweupe alipotolewa kimakosa, Farasi alikuwa amepiga kura ya mwisho, wakati haibadilishi kitu. Halafu Jumamosi ile umeme ulipokatika Nachingwea, Farasi naye alinyamaza saa mbili zilezile, akaibuka dakika tano baada ya taa kuwaka.

Chumbani alimkuta Dismas, bwana shamba aliyehamishiwa huku kutoka Moshi na asiyekosa hapo Jumamosi hata moja, yuko peke yake kwenye kompyuta ya kona.

"Farasi," Makrina aliita.

Dismas akageuka, kisha akacheka. "Umechelewa, mwalimu. Mimi nilikujua tangu wiki ya kwanza."

"Mbona hukunila?"

"Nikule wewe? Ulikuwa unapiga kura ninayoitaka kabla sijakuomba."

Maneno yale yalimchoma. Aliketi akamwandikia Askofu yote: kura, saa, umeme. Akaomba radhi kwa kumsingizia. Akaongeza kwamba Farasi amekiri mbele yake. Alipoisoma tena, sentensi hiyo ndiyo iliyofanana zaidi na uongo. Akaifuta, akatuma ujumbe, kisha akampigia kura Farasi.

Saa kumi Askofu akajibu: "Ngome, ushahidi wako mzuri. Hata ule wa kunishtaki mimi ulikuwa mzuri."

Akampigia kura Ngome. Farasi akafuatia, wa mwisho. Weusi wakatangazwa washindi.

Makrina aliziandika kura zile daftarini, pamoja na saa zake. Kwa alichokijua Askofu, hakukosea kufikiri. Aliyemfundisha kutomwamini Ngome ni Ngome mwenyewe.

"Pole, mwalimu," alisema Dismas. "Twende nikusindikize stendi."

Njiani alimsimulia jinsi alivyomhadaa, wiki baada ya wiki. Makrina alimsikiliza kwa makini, na kila walipofika mahali asipoelewa, alimrudisha nyuma aeleze tena.