Kobe Ndani ya Hotuba

Jumanne saa tatu asubuhi, fundi cherehani alikuwa juu ya ngazi katika stoo ya kanda ya kituo cha televisheni, akipima dirisha la pili kati ya manne, pini tano zikiwa mdomoni. Jua liliingia kwa dirisha hilo na kuchoma rafu ya vipindi vya watoto. Uongozi ulikuwa umelitafakari jambo hilo kwa miaka kumi na mmoja, na sasa ulikuwa umeamua kuweka mapazia. Fundi aliandika vipimo kwenye kiganja, akashuka, akatoa pini moja moja, akasema lililomleta.

"Samahani, dada. Natafuta sauti ya mama yangu."

Mtunza kanda alikuwa mwanamke wa makamo. Stoo ile hupozwa mwaka mzima, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila sweta, kituo kizima kilimwita Bi Sweta. Hakuinua macho kwenye rejista.

"Ya lini?"

Fundi akampa stakabadhi. Ilikuwa imekunjwa mara nne na ilinuka mafuta ya cherehani, kwa kuwa ilikaa kwenye kopo la sindano. Iliandikwa kwa mashine: *Imepokelewa sauti moja, ya kike, katika hali nzuri. Itarudishwa uchunguzi ukikamilika.* Chini yake palikuwa na mhuri wa Kamati ya Vipindi na tarehe ya miaka thelathini na mmoja iliyopita.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mama yake fundi alikuwa akiigiza sauti ya Kobe katika katuni ya watoto iliyorushwa kila Alhamisi jioni. Kobe alikuwa mpole, mwenye maswali. Katika sehemu ya kumi na nne analifuata bomba jipya la maji tangu chanzoni, anaona linapita kwa Sungura, linapita kwa Kuku, linapita kwa Panya, bila kumwachia yeyote hata tone. Anauliza kwa nini. Kamati iliingia studio kabla Kobe hajajibiwa. Ikaagiza sehemu ile isirushwe kamwe, ikachukua michoro, karatasi na sauti, ikatoa stakabadhi, kwa maana ilikuwa kamati yenye utaratibu. Mama alirudi nyumbani kwa miguu. Daktari alimmulika kooni akaona pasafi, pamefagiwa, hamna kitu. Akamwandikia maji ya chumvi ya kusukutua.

Fundi wakati huo alikuwa na miezi kumi. Alilelewa kwa kijiko na sufuria: kugonga mara moja ni njoo, mara mbili chakula tayari, mara tatu acha hicho ulichoshika. Mama alikuwa kimya kama maji ya mtungini, lakini malezi hayakupungua hata kidogo. Kitu kimoja tu kilikosekana. Jioni, akina mama wa mtaa walipowaita watoto wao, hewa ilijaa majina, na kila msichana aliitika "Abee!" huku akikimbia. Yeye aliitwa kwa sufuria, na sufuria haiitikiwi abee. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta, na aliliwinda sasa kwa haraka kwa kuwa mama alikuwa ameanza kuzeeka: aitwe jina lake, aitike.

Alikuwa amekiandikia kituo barua tisa. Mbili zilijibiwa, zote zikimshukuru kwa kuwa mtazamaji mwaminifu. Tangazo la mapazia lilipotoka, alifika getini kabla gundi yake haijakauka.

Bi Sweta aliisoma stakabadhi mara mbili. Akavuta droo ya kadi. Sehemu ya kumi na tatu ilikuwepo, ya kumi na tano ilikuwepo. Kadi ya katikati ilisema: *Isirushwe. Imefutwa kwa agizo. Kanda imetumika tena: hotuba ya Mkubwa, ufunguzi wa bomba la maji.* Siku zile kanda zilikuwa adimu na hakuna kilichotupwa.

"Naweza kuiona?" fundi aliuliza.

"Hotuba?" Bi Sweta akavua miwani. "Tangu nianze kazi hapa, hiyo hotuba hajaiomba mtu. Hata mwenyewe."

Palikuwa na fomu. Kwenye nafasi ya sababu ya kuomba, fundi aliandika: mapazia. Bi Sweta akagonga mhuri.

Kanda haikuwa na vumbi. Akiba haiozi, ndivyo wasemavyo watu, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kutunza kanda. Kanda isipozungushwa hujigandisha yenyewe tabaka kwa tabaka hadi iwe kama mche wa sabuni. Ndiyo maana kila baada ya miezi sita Bi Sweta huzungusha kanda zote za stoo, mbele kisha nyuma, na kuweka kistari cha penseli kwenye kasha. Makasha mengine yalikuwa na vistari sitini hivi. Hili lilikuwa na zaidi ya mia tatu.

"Mtambo wa kufutia ulikuwa na vitufe viwili," Bi Sweta alisema akiichomeka kanda, mgongo akiwa amempa mgeni. "Cha picha na cha sauti. Unavibonyeza pamoja. Mimi nilikuwa na wiki moja kazini. Nikabonyeza kimoja."

"Hukuwaambia?"

"Niwaambie ili iweje? Wangemleta wa kubonyeza cha pili."

Kwenye kioo akatokea Mkubwa, suti imemkaa, mkasi mkononi, mbele yake utepe na nyuma yake bomba. Akafungua mdomo. Akasema kwa sauti nyembamba ya mwanamke kijana: "Mimi ni Kobe, na leo tutafuata bomba." Kwa dakika kumi na moja alisema hivyo, akinyoosha kidole, akitua ili apigiwe makofi yasiyosikika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hotuba ilikuwa ndefu kiasi cha kuificha sehemu nzima ya kumi na nne, na nafasi ikabaki. Alipokata utepe aliuliza, huku akitabasamu: "Bomba linapita kwetu sote. Mbona maji hayashuki?" Ukasikika mlango ukifunguliwa. Kuanzia hapo Mkubwa aliendelea kupanua mdomo bila neno.

Sauti haikurudi kwenye kanda. Ilibaki chumbani, kati ya mtambo na ngazi, kama abiria aliyeshushwa kituo asichokijua. Kisha ikauliza, sasa si kwa lafudhi ya Kobe:

"Mtoto ameamka?"

Maana siku ile ya kurekodi mama alikuwa amemwacha binti yake kwa jirani, amelala.

"Nimeamka, mama," fundi alisema. Akalia kimya kimya ili asiifunike.

Bi Sweta alisubiri. Halafu alimwaga chai yake kwenye sinki, akaisuuza chupa kwa maji ya moto, kwa kuwa sauti hazipendi baridi, akaiweka mezani wazi. Sauti iliingia yenyewe ikajaza nusu chupa. Akaifunga. Kwenye rejista akaandika: *Imetazamwa. Imerudishwa. Haijatoka.* Hakukuwa na uongo hata mmoja. Kanda ikarudi rafuni, na kadi droo yake ile ile na agizo lake lile lile.

"Sijui nikushukuruje, dada," fundi alisema. "Kosa lako ndilo limemtunza mama yangu."

"Nishonee pazia zito. Na mwambie mama yako kwamba yule binti wa wiki moja kazini anaomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

"Ya kuchelewa."

Getini mlinzi alikagua mkoba, akaitikisa chupa sikioni. "Chai?"

"Za kazi, baba?" chupa ikasema.

"Nzuri, mama. Pita salama," mlinzi akajibu, akaandika kwenye daftari lake: chupa moja, ya mtu na mama yake.

Mama alikuwa kwenye foleni ya bomba. Lilikuwa bomba lile lile la Mkubwa. Lilipita katikati ya mtaa wao, nene, limepakwa rangi, likielekea kwenye nyumba kubwa za kule juu. Maji yalitoka siku ya kukatwa utepe, yakatosha picha. Tangu hapo watu walipanga ndoo kila siku, na mama alikuwa na kawaida ya kuligonga bomba mara tatu kwa kijiko. Fundi alimmiminia mfuniko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama akapaliwa kidogo. Jirani aliyekuwa nyuma yake akasema pole, akasogeza ndoo yake mbele kwa sababu nafasi ilikuwa imepatikana.

Mama hakuanza na binti yake. Alianza na yule jirani.

"Asante kwa kunishikia mtoto siku ile."

"Ah, kwani alinisumbua? Alilala tu," jirani akasema.

Shukrani za miaka thelathini na mmoja zilikuwa zimelimbikizana, na mama hakutaka zilale hata siku moja zaidi. Alimshukuru muuza mkaa, alimshukuru mwalimu mstaafu, alimshukuru mtu aliyemwokotea ufunguo mwaka ambao hakuna mwingine aliukumbuka. Sauti ilikuwa na miaka ishirini na sita na uso hamsini na saba. Baada ya siku mbili vilizoeana. Shukrani za Bi Sweta alizipeleka mwenyewe, pamoja na mapazia, na wale wanawake wawili walikaa stoo hadi saa za kazi zikaisha.

Fundi, ambaye hapendi kubaki na cha mtu, aliirudishia Kamati stakabadhi yake ili wafunge jalada. Alijibiwa kwamba uchunguzi bado unaendelea.

Sehemu ya kumi na nne haijarushwa. Mama huisimulia tu, alasiri, kwa watoto waliokaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, kwa sauti ya Kobe mwenyewe.

"Halafu Kobe akajibiwaje?" msichana mmoja aliuliza.

"Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa," mama alisema.

Watoto wakaona ni sawa. Mmoja akafungua koki. Bomba likakohoa, likanyamaza. Ndani, fundi alikuwa akipinda shati, na tangu Jumanne ile alikuwa bado hajaitwa, kwa kuwa hakukaa mbali na mama hata hatua kumi. Ndipo akalisikia jina lake, refu, limevutwa kwa wasaa, likipita uwanja mzima kama majina ya wenzake zamani.

Akaacha cherehani ikizunguka.

"Abee, mama!" aliitika huku akikimbia.

"Rudisha ndoo zetu ndani, mwanangu. Leo pia hayaji."

Akazibeba zote mbili, nyepesi, tupu, akimshukuru Mungu.