Glasi ya Maji ya Dady

Tangu tajiri mpya ainunue klabu ya mpira ya Étoile de la Senne, huko Ulaya, hata mfua jezi alitakiwa kushinda. Usicheke. Msimu mmoja tu makocha watatu walifukuzwa, akafuata daktari, akafuata mpishi, eti wali wake uliwapa wachezaji uzito siku waliyofungwa na timu ya mkiani. Kila mlango ulibandikwa karatasi yenye neno moja la Kifaransa, maana yake KUSHINDA. Lilibandikwa hata chooni, na Tonton Séraphin, mtunza jezi kwa miaka kumi na saba, alisema tangu siku ile hata haja ndogo ilikuwa ikimkatalia.

Aliyemwita tonton, yaani mjomba, kwa haki ya damu pale klabuni ni mmoja tu, Dady, mshambuliaji nambari tisa, kijana wa miaka ishirini na mbili. Dady alikuwa mtoto wa Viviane, dada wa pekee wa Séraphin, kule Kamalondo, Lubumbashi. Séraphin ndiye aliyemwombea majaribio, ndiye aliyempokea uwanja wa ndege. Siku ile Viviane alimwambia kwenye simu: "Huyu sasa ni wako, kaka."

Alhamisi asubuhi Tatiana, dada mkubwa wa Dady, alipiga simu kutoka Lubumbashi. Mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma, ikabidi Séraphin atoke nje, koridoni, ili asikie.

"Tonton, maman ametuacha," alisema Tatiana. "Tutazika samedi, kesho kutwa, saa tisa. Dady akipanda ndege kesho, atafika. Weye mukubwa njo utamwambia. Siye hatuwezi kumwambia kwa téléphone."

Hawakuweza kweli. Kwa ukoo wao habari ya kifo haitupwi kama mfupa. Mkubwa hukukalisha chini, hukupa glasi ya maji, ukishakunywa ndipo anakuambia. Kabla hajakuambia, wewe hujafiwa, hata kama umeshasikia barabarani. Huruhusiwi kulia, huruhusiwi kufunga safari. Na akishakuambia, ni yeye anayekwenda nawe popote panapotakiwa ruhusa, akuzungumzie, maana mfiwa hana kinywa.

Séraphin alifuta machozi kwa jezi aliyokuwa nayo mkononi, akajaza glasi bombani. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilitokana na adabu. Badala ya kumpelekea mtoto maji, aliyaacha mezani, akapanda kwanza ofisini kuomba ruhusa.

Vermeiren, mkurugenzi wa michezo, alisimama, akamshika bega, akampa pole kwa sauti nzuri sana. Kisha akaketi.

"Jumapili tukishinda, mwakani tunacheza mashindano ya Ulaya," alisema. "Tukishindwa, sijui nani atabaki humu ndani. Nani mwingine anajua?"

"Hapa? Mimi tu."

"Basi mwambie Jumapili jioni. Si mkubwa ndiye anayechagua siku? Ulinieleza mwenyewe, alipofiwa yule kipa wa kwenu."

Ni kweli alikuwa amemweleza, mwaka juzi, tena kwa fahari, akidhani mzungu anapenda kujua mila za watu. Sasa mila zilimrudia.

"Umebakiza muda gani ustaafu, Séraphin?"

"Miaka miwili."

"Miwili," alirudia Vermeiren. "Si mingi."

Hakutishwa zaidi ya hapo. Mtu wa miaka kumi na saba ya kuinama hahitaji kusukumwa sana. Alishuka, akaichukua ile glasi, akamwaga maji kwenye sinki.

Uongo haulali njaa, huomba mwingine wa kula nao. Jioni ile, akiwa jikoni kwake Saint-Josse, Séraphin alimpigia Tatiana. "Dady anajua," alimwambia. "Amelia sana. Lakini anasema muzike, musimungoje. Match ni ya lazima." Tatiana alikata simu bila kuaga.

Anne-Marie, mkewe, alizima jiko.

"Bon. Weye unauzisha maiti ya dada yako kwa sababu ya mupira?"

"Ni siku tatu tu, Anne-Marie."

"Siku tatu njo za kuzika, Séraphin. Ya ine, ile ya match, ni ya nini?"

Hakumpa chakula usiku ule, wala Séraphin hakuomba. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu alikuwa anaficha kifo chenyewe, na aliona aibu hata kumtazama mkewe.

Ijumaa, baada ya mazoezi, Dady aliingia chumba cha kufulia, mahali ambapo wachezaji hawaingii. Alikaa juu ya kapu la soksi, magoti yakiwa wazi, mikono imelala mapajani.

"Tonton, uko na mayi?"

Séraphin alimrushia chupa ya plastiki kutoka kwenye katoni. "Mutoto wa Kamalondo anachokeshwa na mazoezi ya Bazungu?" akamtania, akicheka peke yake. Dady aliishika chupa kwa muda mrefu. Akainuka, akaiacha juu ya kapu bila kuifungua.

Jumamosi asubuhi alirudi. Safari hii hakukaa. "Tonton, mayi," alisema mlangoni. Séraphin, akihesabu bukta, alimnyooshea chupa nyingine bila kugeuza uso. "Kunywa, lala mapema. Kesho ni kazi." Alisikia nyayo zikiondoka taratibu, akashukuru Mungu kwamba mtoto hajashtuka.

Saa tisa mchana, Séraphin alijifungia nyuma ya mashine za kukaushia, akatazama mazishi kwenye simu. Aliona jeneza, akaona wanawake wa kanisa wenye vitambaa vyeupe, akaona Tatiana amesimama peke yake mahali ambapo mtoto wa kiume angesimama. Mchanga ulipoanza kutupwa, aliwasha mashine zote ili asisikike. Alilia hadi kola ikalowa.

Jumapili walifungwa mbili bila. Usiniulize mengi. Dady alikimbia kama mtu anayetafuta ufunguo alioupoteza, mpira ukimpita huku na huku. Dakika ya themanini alipewa penalti, akaipiga taratibu mikononi mwa kipa, na uwanja mzima ukampigia miluzi.

Vermeiren alimkuta Séraphin koridoni amebeba glasi ya maji, ya kioo, safi.

"Tungejua angecheza hivi," alisema Vermeiren akipita, "tungemwacha tu aende."

Hakusimama. Séraphin alitamani kummwagia yale maji usoni, lakini hata hilo hakulithubutu.

Wachezaji walipotawanyika, Dady alikuja mwenyewe chumba cha kufulia, bado amevaa jezi. Séraphin alimvutia kiti. Akamnyooshea ile glasi.

"Kaa, mutoto wangu. Kunywa kwanza."

Dady hakukaa.

"Nilijua jeudi, siku ile ile, tonton. Batu ba kwetu ba Etterbeek balinitumia pole kwa WhatsApp, ata mbele saa sita haiyafika."

Séraphin aliirudisha ile glasi kifuani kwake.

"Nikasema, hapana, sijafiwa mupaka tonton aniambie. Atanipa mayi, tutapanda naye bureau ya Vermeiren, atanisemea. Nilipanga ata nguo mu valise. Nikakuomba mayi vendredi, nimekaa juu ya kapu. Nikakuomba samedi, nimesimama mlangoni. Ungenipa, ningeenda, ata kama bananifukuza." Alijifuta uso kwa kiganja. "Leo Tatiana ananiambia ni miye nilisema bamuzike. Ni kweli nilisema?"

"Dady, nisikilize..."

"Nipe mayi," alisema Dady.

Aliichukua glasi kutoka mkononi mwa mjomba wake, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefunzwa. Séraphin alipumua. Alidhani anakunywa. Lakini Dady alimshika bega, akamkalisha kwenye kile kiti, akamrudishia glasi.

"Kunywa, tonton."

Macho ya Dady yalikuwa makavu, na Séraphin aliogopa kukataa. Alikunywa yote, mpaka tone la mwisho, akashika glasi tupu mapajani akingoja.

"Mutoto wa dada yako amekufa," alisema Dady.

Alivua jezi nambari tisa, akaikunja vizuri, akaiweka kapuni pamoja na nyingine. Akatoka kifua wazi. Séraphin alibaki ameketi na glasi yake. Huko juu kulikuwa na sauti za watu wanaofukuzana kazi, na kapuni kulikuwa na jezi ishirini zinazotakiwa ziwe safi kabla ya Jumatatu.