Mpishi wa Selwick

Mwalimu Beatha Senkondo alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha kwenye chumba cha walimu, katika sekondari moja ya mjini Same, alipofungua kijitabu alichotumiwa kwenye simu kutoka Uingereza. Mtumaji, mama mmoja anayetunza historia ya nyumba iitwayo Selwick, alikuwa amemuuliza kwa adabu kama yeye ni wa ukoo wa Senkondo wa Mbaga. Beatha alijibu ndiyo haraka haraka, akidhani ni mambo ya msaada wa vitabu. Walimu nao kwa matumaini hawajambo.

Kijitabu kilianzia mbali. Selwick ilijengwa juu ya genge linalotazama bahari, na mfanyabiashara wa sukari mwenye mabinti tisa na asiye na mkwe hata mmoja. Baada yake akaingia kanali aliyekatazwa pombe na daktari, akamzika daktari, akaendelea kunywa. Vita ilipokuja nyumba ikawa hospitali ya wanajeshi, nao wakachonga majina yao kwenye milango. Kisha, mwaka 1952, ikarithiwa na injinia aliyekuwa akisimamia mashine za mkonge huku tambarare, chini ya milima ya Mbaga. Mpaka hapo Beatha alikuwa anacheka peke yake. Alipofika ukurasa wa thelathini na moja, aliuweka muhogo chini.

Injinia alirudi na mpishi wake, kijitabu kilisema, Zefania Senkondo wa Mbaga, Tanganyika. Mpishi huyo aliishi Selwick miaka thelathini na sita, mwishowe akapewa kijumba cha getini, na alifariki mwaka 1988. Palikuwa na picha yake: mzee wa mvi, aproni kiunoni, kabichi mkononi, amenuna.

Zefania Senkondo lilikuwa jina la baba yake Beatha, aliyerithishwa jina la baba yake mkubwa, marehemu. Na marehemu huyo, kila mtu Mbaga alijua, alizama na meli akiwa njiani kwenda Ulaya. Habari ililetwa na karani wa shamba la mkonge. Walingoja miaka mitatu na mwili haukupatikana, kwa hiyo mwaka 1955 wazee walifanya kama desturi ilivyotaka: walikata mgomba, wakauvisha shuka na kofia yake, wakauzika kama mtu. Mjane wake, Raheli, alirithiwa na mdogo wa marehemu, na huko ndiko alikotoka baba yake Beatha, na Beatha mwenyewe.

Jumamosi ya wiki hiyo kaburi la mgomba lingejengewa vigae, na mchungaji alikwisha kualikwa. Bibi Raheli, mwenye miaka tisini na tatu, alikuwa ameuomba ukoo jambo moja tu, kwamba siku yake ikifika alazwe ubavuni mwa mume wake wa kwanza. Beatha akimwambia, huenda akamuua kwa mshtuko. Asipomwambia, atasimama pale na mchungaji kuuombea mgomba huku anajua.

Akasoma tena. Mwaka 1957, kijitabu kilisema, mpishi alipewa likizo ya miezi sita kwenda kwao. Alirudi baada ya wiki saba na hakueleza kwa nini. Kwa meli, wiki saba ni kwenda na kurudi, na siku chache tu za kukanyaga ardhi. Beatha aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akapanda gari la Mbaga.

Alimkuta Bibi kibarazani, ungo mapajani, anachambua maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona katikati ya wiki? Wamekufukuza kazi?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimpotea. Akamwonyesha picha tu, huku amemshika bega, tayari kumdaka. Bibi aliisogeza simu mpaka karibu na pua, akatazama.

"Amezeeka," akasema.

"Bibi! Unamjua?"

"Nisimjue mume wangu?"

Beatha ndiye aliyekaa chini, sakafuni, na sketi yake ya kazini.

"Alirudi," Bibi akasema. "Nilikutana naye kwenye kijia cha mtoni, mimi na mtungi, baba yako mgongoni. Ana koti na viatu. Nilijua si mzimu, maana alikuwa anatoka jasho. Akaniita jina langu."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia, wewe tumekulilia na tumekuzika. Aliyezikwa akivuka kizingiti, anaondoka na mtu wa ndani. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndani kulikuwa na mtoto wa miezi minne. Akauliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia, Zefania."

"Akasemaje?"

"Alimshika mtoto kisigino, akageuka, akashuka na njia ya Same. Nami nikateka maji, nikarudi kupika."

"Na hukumwambia mtu? Miaka yote hii!" Beatha alikuwa anapiga kelele bila kujua. Alikasirika, akamwonea huruma, akakasirika tena.

"Nimwambie nani? Babu yako, aliyelala kitandani mwa kaka yake?" Bibi aliirudisha simu. "Alikufa lini?"

"Themanini na nane."

"Walimzika wangapi?"

Beatha alitafuta ukurasa. "Wanne, Bibi."

"Wanne," Bibi akarudia. "Basi Jumamosi mchungaji aje. Sasa kuna mtu wa kuombea."

Aliweka ungo chini, akasimama, akavua kitambaa cha kichwa. Kisha akapiga ukunga, saa nane mchana, kwa sauti ambayo Beatha hakujua kama bado anayo. Watu waliacha majembe shambani wakaja mbio, mbele yao jirani yao Fortunata.

"Nani amekufa, Bibi Raheli?"

"Mume wangu."

Watu wakatazamana. Waume zake wote wawili walikuwa na makaburi nyuma ya nyumba, pale pale wanapoyaona.

"Leo ndiyo nimeletewa habari," Bibi akasema, akaendelea kulia.