Kahawa Mfukoni mwa Bwana Uzoma

Mara ya kwanza nilidhani macho yangu yamenidanganya. Nilikuwa nimemkaribisha mgeni wa binti yangu kwa kahawa ya kutafuna, ile tunayotumiwa kutoka Bukoba. Nilichukua punje moja nikaitafuna mbele yake, kama desturi inavyotaka, ili mgeni aone haina sumu, kisha nikampa ya kwake. Aliipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akashukuru. Halafu, alipodhani simwoni, akaitia mfukoni mwa koti.

Kwetu, mtu akikataa kutafuna kahawa uliyompa kwa mkono wako, maana yake anakuogopa. Nikajiuliza, mtu mzima huyu amezoea kuishi na watu wa namna gani hata amwogope kikongwe?

Bwana Uzoma Ilechukwu ni Mnigeria, mkuu wa tawi la benki moja ya kwao hapa London. Restuta, binti yangu, ni nesi, mjane wa miaka mingi, na alitaka kuolewa naye. Kaka yake Deus alikuwa ameshasema kwamba kwa kuwa baba yao hayupo, neno ni langu. Nikikubali, ataolewa. Nikikataa, mambo yaishie hapo. Restuta aliniambia jikoni, akiwa amenipa mgongo, "Mama, usiharakishe kwa ajili yangu. Ila usinicheleweshe."

Kwa hiyo nikaanza kumchunguza huyo bwana. Restuta alinisimulia kwa fahari jinsi alivyoanza ukarani kwenye tawi dogo la Onitsha, kijana aliyeazima viatu vya mjomba wake, akapanda cheo baada ya cheo mpaka akawa wa pili kwa ukubwa katika benki nzima kule Lagos. Deus akatafuta kwenye simu yake, akakuta ni kweli. Lakini akakuta na jingine. Siku moja Uzoma aliacha kazi ghafla, gazeti likaandika ni sababu za kifamilia, kisha akaonekana London kwenye benki nyingine, ndogo, ofisi ya kupanga juu ya duka la miwani.

"Mama, mtu wa cheo kile haondoki bila kuagwa," Deus alininong'oneza. "Pale hata mfagizi akiacha kazi wanakata keki."

Uzoma alikuja tena, na tena. Kila mara kahawa ilikwenda mfukoni. Alikuwa na simu mbili, na ile ndogo ikilia alitoka nje kwenye baridi akaongea kwa lugha yao. Na hakuwahi kutualika kwake Kenton, ingawa si mbali na hapa Kilburn. Restuta akiuliza, alijibiwa bado kidogo. Nikawaza, ana mke humo ndani.

Lakini nilimwona pia akivua glavu na kusugua mikono ipate joto kabla ya kunisalimia. Tukienda kanisani, alitembea upande wa magari. Siku moja alisimama mguu mmoja ndani ya basi, mwingine barabarani, mpaka nikafika, huku dereva akimfokea. Mtu mbaya naye anaweza kufanya hayo yote, najua. Niliyaweka moyoni hivyo hivyo, pamoja na zile punje.

Jumapili moja akasema twende Kenton. Nilivaa vizuri, nikajiandaa kumkuta huyo mke.

Nilimkuta bibi kizee ameketi karibu na dirisha, blanketi miguuni, mwembamba kuliko mimi. Alikuwa mama yake. Pembeni yake, juu ya kimeza, palikuwa na kisahani, na ndani yake punje tatu za kahawa yangu.

Mjukuu wangu Anastasia, binti wa Restuta tuliyekwenda naye, amezaliwa hapa London. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo nilimkataza mama yake kututafsiria, maana mtu aliyependa hutafsiri vizuri mno. Uzoma akaanza kueleza, Anastasia ikabidi ajitahidi.

"Bibi, anasema kwao wanapeana kola, kokwa hii hapa. Mwenye nyumba anakula kwanza, kama wewe. Halafu mgeni anapeleka yake nyumbani, watu wake waone amekaribishwa. Mama yake alisema hatatuita mpaka aone mara tatu."

"Muulize kwa nini hakutwambia."

Uzoma akacheka kwa aibu. Kumbe alipoona natafuna kwanza, alidhani desturi ni moja, nami nampa apeleke kwa mama yake. Na ile simu ndogo ni ya mama huyo, hupiga kuuliza kama mwanawe amekula.

"Muulize na ya benki," nikasema. Restuta alinitazama kwa kunisihi. Nikajifanya simwoni.

Uzoma alieleza polepole, Anastasia akimfuata.

"Kulikuwa na mkopo wa mtu mkubwa. Mabosi wake wakataka asaini, akakataa. Kesho yake wakamletea barua ya kuacha kazi, imeshaandikwa, bado sahihi yake tu."

"Nani anaweza kusema ni kweli?"

Anastasia alisita, kisha akauliza. Uzoma alipojibu alinitazama mimi.

"Hakuna, Bibi. Anasema hakuna mtu."

Angenitajia shahidi, nadhani ningemshuku zaidi. Lakini shaka yangu haikuondoka, ilisogea kidogo tu.

Uzoma akaivunja kola. Mama yake akatafuna kipande kwanza, taratibu, kwa meno machache aliyobakiwa nayo, kisha akanipa changu akangoja. Macho yake yalikuwa makali. Nikaelewa kwamba naye ananichunguza, anataka kujua mwanawe anakwenda kwa watu gani.

Nikakikata kwa meno. Nusu nikaitafuna, chungu kweli kweli. Nusu nikaifunga kwenye leso, nikaitia mkobani mbele ya macho yake. Akasema neno, mwanawe akatabasamu.

"Anasema nini?"

"Anasema wewe una kwenu," akajibu Anastasia.

Kwenye treni Restuta alikuwa akikunja na kukunjua mkanda wa mkoba wake. Tulipokaribia kushuka nikamwambia ampigie Deus aje jioni, kuna kitu nataka akione, na aanze kutafuta siku ya kupokea wakwe.

Akanishika mkono, hakuuachia.

"Na mwambie Uzoma," nikasema, "akija tena, punje moja ataitafuna pale pale, mimi nikimwona."