Mke wa Bujiku Aenda Duarani

Jumatatu, kipindi cha pili, Mwalimu Salvina alikuwa akiwasomea kidato cha nne ile sura ya riwaya ambamo Bujiku anamfukuza mkewe duarani, kwenye shimo la dhahabu, na mke wa Bujiku akatoka kitabuni. Alikuwa na chungu cha mlenda kichwani. Wanafunzi wa dawati la mbele walijisogeza, akapita.

"Shikamoo, mama," Salvina alisema.

"Marahaba. Soma tu, ng'wana wane, mwanangu, nisikie ninavyosemwa."

Salvina akasoma. Katika riwaya ile mama hana jina. Ni mke wa Bujiku mwanzo mwisho. Anampelekea mumewe chakula shimoni, na kwa kuwa wachimbaji wanaamini mwanamke akikaribia duara, dhahabu hukimbia, dhahabu inakimbia. Bujiku anamtimua kwa fimbo. Mama anafia porini, kwa nusu sentensi, kisha mume anapata duara jingine na kutajirika. Shule nzima humpenda Bujiku.

"Naitwa Dorika," mama alisema. "Dhahabu haikukimbia. Bujiku aliiuza kwa siri Katoro, akainywa yote. Wenzake walipomuuliza, akanisingizia mimi. Mwandishi anajua. Nani mwingine alikuwepo ila yeye?"

Mwandishi, mzee Bartholomeo, alikuwa hai, na kwa fedha za kitabu alikuwa amenunua duara nje kidogo ya Katoro. Dorika alipanda bodaboda, akamkuta ameketi juu ya magogo. Alimwomba sentensi moja tu, inayosema kwamba Bujiku alidanganya.

"Mama, hadithi itaharibika," mzee alisema. "Shujaa hawi mwizi."

"Basi na iwe kama ulivyoandika," Dorika alijibu, akaivuka kamba iliyozungushiwa shimo.

Dhahabu ikatoka. Ilipanda kutoka chini, ikapita katikati ya miguu ya wachimbaji kama siafu, ikavuka lami kuelekea Ushirombo. Bodaboda wakasimama kuipisha. Iliyokuwa kwenye mifuko ya mawe ikafuata, na jino la dhahabu la mzee Bartholomeo nalo likafuata. Dorika alitazama kwa raha, raha ya mtu aliyechapwa fimbo kila muhula, katika kila shule.

Mzee alikwenda nyumbani na pengo lake, akaandika. Toleo jipya lilitoka kabla ya mvua. Sentensi ya Dorika haikuwemo. Kulikuwa na sura mpya: mke mwenye mkosi anafufuka na kufukuza dhahabu mara ya pili, na katika dibaji mwandishi aliapa kwamba ameyaona kwa macho yake. Hakusema uongo, na hilo ndilo lililouma. Maduarani walipaka rangi upya vibao vya kuwakataza wanawake.

Salvina aliifundisha sura hiyo kwa sababu ingekuja kwenye mtihani. Dorika alikaa dawati la nyuma akaisikiliza yote, kisha akauliza njia ya kwenda duara la jirani. Salvina akamchorea ubaoni. Mama alipoondoka, mwalimu alifuta mchoro na kuendelea na somo: sifa za Bujiku.