Mgonjwa Mwenye Adabu

Siku ya nne tangu fundi bomba alazwe kwenye ukumbi wa shule uliogeuzwa wodi ya wagonjwa wa mlipuko, mkewe akapigiwa simu. Ndugu hawakuruhusiwa kuvuka geti, kwa hiyo habari zote zilipitia kwa muuguzi mmoja, aliyesoma kadi za wagonjwa kama anayekimbizwa na mbwa.

Alisema mzee anaendelea vizuri. Ni mpole, hushukuru kila akihudumiwa, ila tangu jana hajala kitu.

"Mwanangu," mke akasema, "huyo si mume wangu."

Muuguzi akamweleza kwamba ugonjwa hubadilisha watu. Mke akajibu kwamba ameishi naye miaka thelathini na mmoja. Hata kwenye msiba wa mama yake mzazi alirudia sahani mara tatu na kumkosoa mpishi.

"Kamtazame. Ana kovu kidevuni, na ana kisukari. Asipokutukana, umekosea kitanda."

Muuguzi akavaa gauni, barakoa na glavu, akaingia. Kwenye kitanda cha kumi na mbili, chini ya kadi ya fundi bomba, alimkuta mwalimu mstaafu, kidevu laini, mbele yake bakuli la uji usio na sukari ambao kwa adabu hakuulalamikia, aliuacha tu. Kovu lilikuwa kitanda cha ishirini na moja, limepakaa uji mtamu. Juzi vitanda vilisogezwa karibu na mitungi ya oksijeni, kadi zikabaki ukutani. Fundi bomba akauliza kama hapo wauguzi hufundishwa kazi au huokotwa. Alipopimwa, sukari ilikuwa imepanda vibaya. Wakamwahi kwa sindano.

Kazi ilikuwa kumpigia binti wa mwalimu. Jana yake alikuwa ameambiwa kwamba baba anakula vizuri na anatukana wauguzi, akautangazia ukoo mzima kwamba mzee amepata nguvu. Alipojua ukweli alilia, kisha akaomba aongee naye. Muuguzi akaitia simu kwenye mfuko wa plastiki, akaishika sikioni mwa mzee. Binti alimwomba ale vijiko vitatu tu. Akala vitano, akiomba radhi kwa kila kimoja.

Tangu hapo muuguzi aliwauliza ndugu mgonjwa wao yukoje hasa, akaandika kwenye plasta na kuibandika mkononi mwa mgonjwa mwenyewe. Ya mwalimu ilisema: "Akisema ameshiba, anadanganya." Wazee wote wawili walipona, mwalimu akichelewa wiki tatu.

Daktari mkuu alipokagua aliuliza plasta hizo ziliidhinishwa na nani. Muuguzi akamjibu kwamba ni wake zao na mabinti zao. Daktari, ambaye naye alikuwa na mke, akasonga hadi kitanda kinachofuata.