Rangi Nane

Mshale ulisogea na mimi sijaugusa. Nilikuwa nimelala ubavu wa kushoto kama daktari alivyoagiza, kompyuta ndogo iko juu ya kigoda mbele ya pua yangu, mikono yangu yote miwili iko chini ya mto. Mshale ukatoka pembeni, ukaivuka ramani yangu taratibu, ukasimama ukingoni mwa karatasi. Kisha picha ikaganda.

"Kuna mtu," nikasema.

Mume wangu alikuwa anafunga kamba za viatu aende karakana. Akatazama mlangoni.

"Si hapa. Kazini. Kuna mtu amekalia kiti changu."

"Viti ni vya kukaliwa," akasema, akaondoka. Mtu anayeshinda akichomelea mageti huamini kila kilichoachana kitashikana tena.

Mimi ni mchora ramani katika ofisi ya maji. Tunachora mabomba yaliyo chini ya barabara ili wachimbaji wajue pa kuchimba na pa kuacha. Mimba ilipofika mwezi wa saba daktari alinipiga marufuku ngazi, viti na safari, akanilaza. Mkuu wa kitengo, mama mmoja asiyecheka mpaka aletewe sababu kwa maandishi, alikubali nifanye kazi kutoka kitandani kwa sharti moja.

"Karatasi moja ikitoka na kosa," alisema, "namweka mtu mwingine kwenye meza yako. Na ukirudi simwondoi."

Miezi ile karakana haikuwa na wateja. Meza yangu ndiyo iliyokuwa inatulisha, na ndiyo ingemlisha huyo aliyekuwa anageukageuka tumboni. Basi nikawa nimelala na hofu mbili.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi wa mitandao. Yeye ndiye aliyeniwekea ile programu ya kuitazama kompyuta ya ofisini: mashine yenyewe inabaki kule mezani, mimi nyumbani naona kioo chake na kuiongoza kwa kipanya changu. Shida ilikuwa intaneti. Tulikuwa tunaivuta kutoka kwenye simu iliyowekwa dirishani, na picha ilikuja vipande vipande, kama fundi wa vigae anayefanya kazi huku anapiga soga.

"Shem, dawa yako iko hapa kwenye mipangilio," alinionyesha. "Ikikwama, ipunguzie mzigo. Picha ya nyuma ya kioo, toa. Ubora, shusha. Rangi, anza na kamili. Ikishindikana, wastani. Ikishindikana kabisa, weka nane. Rangi nane zinakimbia hata kwa mtandao wa kuombaomba."

"Nitapoteza nini?"

"Urembo tu."

Kamili ilikwama siku ileile, nikaweka wastani.

Sasa nimweleze aliyekuwa na meza jirani na yangu. Tulimwita Mzee Rula kwa sababu hakuwahi kuonekana bila rula kwenye mfuko wa shati, hata kwenye msiba. Alianza kazi enzi za karatasi na meza za kuinama, na kila Ijumaa ndiye aliyechapa ramani zetu na kuwakabidhi wachimbaji. Alikuwa na mahubiri yake, nayo tuliyajua kwa moyo: ramani ya mwenzako huigusi kwa wino. Ukiona kosa, weka alama ya penseli pembeni, hafifu, mwenyewe aione, arekebishe, afute, na asiaibike mbele ya watu. Alikuwa pia na mpwa wake aliyemaliza chuo cha uchoraji na hana kazi. Kabla sijalazwa, binti huyo alikuja ofisini mara mbili "kusalimia", na mara zote mbili aliitazama meza yangu. Dalili ya mvua ni mawingu.

Asubuhi ya pili nilipofungua ramani, bomba moja nililolichora jana halikuwa mahali pake. Lilikuwa limehamishiwa upande wa pili wa barabara. Asubuhi ya tatu, mengine mawili. Machale yakanicheza. Nikasema, mahubiri yote yale ya penseli, kumbe mhubiri mwenyewe anaivuruga kazi yangu kwa kipanya, nikose meza, mpwa wake aikalie.

Niliamua kumtegea. Nikawa naunganisha mapema, saa moja kasorobo, kabla ofisi haijajaa, nimshike mshale ukitembea. Lakini mtandao ulinisaliti: nilikuwa naona mwanzo wa jambo na mwisho wake, katikati hamna. Nikashusha ubora. Nikatoa picha ya nyuma ya kioo. Bado picha ilikwama pale pale ninapotaka kuona. Nikasema liwalo na liwe, nikaweka nane.

Kweli ilikimbia. Ramani ilikuwa mbaya, bluu kavu na nyeusi juu ya nyeupe, lakini mshale niliuona kila hatua. Kazi yangu nayo haikunishinda. Kwenye ramani zetu bomba zima ni bluu iliyokolea na bomba lililokufa ni bluu iliyopauka, na katika wastani zilikaribiana, katika rangi nane zote mbili zilikuwa bluu moja. Haikunipa taabu. Mitaa ile niliipima mwenyewe kwa miguu yangu, na kichwa changu hakijawahi kuniangusha.

Kwa hiyo nilimwona vizuri. Mshale unaingia, unaenda moja kwa moja kwenye bomba langu, unalihamisha. Halafu unaenda pembeni mwa karatasi, nje ya mstari wa kuchapia, mahali pasipo na kitu. Unakaa hapo dakika mbili, tatu, unatetemekatetemeka juu ya weupe mtupu. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko kuhamishiwa mabomba. Mtu anayeharibu kazi yako kisha akatulia kuitazama, huyo ana mengi moyoni.

Siku moja akanipigia simu.

"Kazi inaonekana vizuri huko, mwanangu?"

"Inaonekana vizuri sana, mzee," nikamjibu. "Naona kila kitu."

"Basi vyema. Tuyamalize hukohuko kwenye karatasi, yasifike kwa mkuu. Na ulale ubavu wa kushoto."

Nilikata simu kwa hasira. Mtu ananiibia kazi, na bado ananipa masharti ya kulala.

Nilimwandikia mkuu barua. Nikaorodhesha siku na saa, mara kumi na moja. Nikaandika kuwa mtu mwenye miaka thelathini kazini anatumia uzoefu wake kumhujumu mama mjamzito. Hiyo sentensi niliipenda, nikaisoma mara mbili kabla ya kutuma. Ilikuwa Jumatano jioni. Alhamisi kabla ya saa sita mkuu alinipigia.

"Amekubali kuwa aliigusa kazi yako. Nilipomuuliza kwa nini, hakusema. Nimemhamishia ghala la kumbukumbu. Kesho karani atachapa ramani zako kama zilivyo."

Mchana ule nilikula sahani mbili. Mtoto akapiga teke, nikalichukulia kuwa ni pongezi.

Jumatatu shemeji alikuja na boksi la intaneti na waya. Kampuni yao ilikuwa inawaunganishia majirani, akanikumbuka. Akatoboa dirisha, akavuta waya mpaka kitandani, akapiga chafya kwa vumbi.

"Sasa hii ni mto, si mfereji," akasema. "Rudisha rangi zako, shem. Mpaka lini utakaa kwenye giza?"

Nikafungua mipangilio. Ubora, juu. Rangi, kamili. Nikafungua karatasi ya kwanza ya ramani.

Pembeni kulikuwa na maandishi.

Yalikuwa ya kijivu, hafifu kabisa, kijivu cha penseli, nje ya mstari wa kuchapia. Katika wastani kijivu kile kilikuwa kinafifia nisikione, na katika rangi nane kilikuwa kinageuka kuwa nyeupe kabisa. Yalianza juu, yakateremka mpaka chini ya karatasi, siku baada ya siku.

"Mwanangu, hili ni bomba lililokufa, umeziunganisha nyumba sita kwenye bomba kavu. Nimekuhamishia kwenye lile zima kwa sababu kesho nachapa. Ukishaona futa."

"Mbona hufuti? Au unataka mkuu ayaone? Haya, nimeshusha chini kidogo."

"Leo mawili tu. Unachoka, nadhani. Usikae kitako."

"Mpwa wangu anakusalimia. Amepata kazi kwa wajenzi wa madaraja. Anasema ukijifungua atakuja kumwona mtoto."

Shemeji aliniuliza kama maumivu yameanza. Nikamwambia anyamaze. La mwisho lilikuwa kwenye karatasi ya tatu, tarehe ya Alhamisi.

"Nimeitwa kwa mkuu, nafikiri ni habari za kustaafu kwangu. Hapa sijapagusa, hakuna muda. Njia panda ya shule: bomba uliloliandikia KATA ni zima, linanywesha mtaa wote. Lililokufa ni lile la jirani yake. Litazame kabla karatasi haijachapwa."

Nililitazama. Liliandikwa KATA kwa mkono wangu, na lilikuwa bluu iliyokolea kama wino. Karani alilichapa Ijumaa kama lilivyo. Wachimbaji huingia kazini Jumatatu, saa mbili. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Sikuwaza sana. Ningekuwa nimewaza, labda ningetafuta njia ya kuzunguka. Nilimpigia mkuu.

"Wasimamishe njia panda ya shule," nikasema. "Karatasi ya tatu ina kosa. Ni langu."

Nikasikia anatumia simu nyingine, anafoka, anasubiri. Kisha akarudi.

"Wameshachimba. Hawajakata." Akavuta pumzi. "Nani amekuonyesha?"

"Yeye. Ameandika pembeni, tangu siku ya kwanza. Alikuwa ananirekebisha. Mimi ndiye niliyekuwa sioni."

"Mzee atatoka ghalani leo hii," mkuu akasema. "Na wewe sharti ulikuwa unalijua."

"Nilikuwa nalijua."

"Meza itapata mtu. Nitakuandikia."

Asante ya punda ni mateke, na ya kwangu niliyaandika mwenyewe, mara kumi na moja, yenye siku na saa. Nililia, sifichi. Shemeji akatoka nje akajifanya anakaza waya. Nilipomaliza kulia nikampigia Mzee Rula. Alipokea akiwa anakohoa vumbi la mafaili.

"Umelala ubavu wa kushoto?"

"Nimelala. Mzee, ile barua niliiandika mimi."

"Najua. Mkuu alinipa niisome kabla ya kusaini uhamisho."

Yeye akasafisha koo.

"Ina makosa mawili," akasema. "Tarehe kumi na nne ni Jumapili, ofisi imefungwa. Na kazini sina miaka thelathini, ni thelathini na mmoja. Nimekuwekea alama pembeni kwa penseli. Ukirudi utafuta mwenyewe."

Nikamwambia nitafuta.